Uzi: Nakuru tulihubiriwa msamaha kabla ya kusikilizwa. Tuongee kuhusu kiwewe na kupona

Mhudumu_Kaptembwa

Wadau, hamjambo. Huu ni uzi mrefu, mniwie radhi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nakuru, upande wa Kaptembwa na Rhonda. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba: napima presha, naangalia kadi za chanjo, naandikia watu rufaa ya kwenda zahanati. Ukiingia nyumba za watu muda mrefu hivyo utaona mambo ambayo fomu haina nafasi yake, na mojawapo nimeshindwa kulinyamazia.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mji huu ulihubiriwa msamaha kabla ya walioumia kusikilizwa. Ndiyo sababu wengi hawajapona mpaka leo. Sisemi msamaha ni mbaya. Mimi ni Mkristo na ninauamini. Nasema uliletwa mapema, na waliopaza sauti zaidi kuutangaza ni watu ambao hawakuzika mtu.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuwapo: Nakuru ilishikilia kwa wiki kadhaa baada ya matokeo kutangazwa, kisha mwishoni mwa Januari 2008 ikalipuka, na Naivasha ikafuata mara moja. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Waliofurushwa makwao walipita 600,000. Hapa kwetu uwanja wa maonyesho ya kilimo ukageuka mji wa mahema. Februari 28 Kibaki na Raila wakatia sahihi mkataba mbele ya Kofi Annan, na kufika Mei serikali ikaanza Operesheni Rudi Nyumbani: shilingi 10,000 za kuanzia maisha, 25,000 za kujengea nyumba iliyochomwa, panda lori urudi. Wengine walisubiri hata hizo kwa miaka. Kila baraza ni wimbo mmoja, yaliyopita si ndwele. Lori lilimshusha mtu mbele ya jirani yuleyule, na hakuna aliyemuuliza aliona nini.

Kuna mama ninayemtembelea, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Nyuma ya mlango wake kuna mkoba umetundikwa kwenye msumari. Ndani mna vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho cha marehemu mumewe, blanketi jepesi, na pakiti ya biskuti ambayo huibadilisha kabla haijaharibika. Viatu vyake usiku hukaa vikielekea mlangoni. Mwaka wa uchaguzi ukifika, binti yake hupelekwa Nyahururu kwa nyanya kuanzia Julai. Huyo binti alizaliwa 2010. Hajaona nyumba ikiungua hata siku moja, lakini vijana wakipiga kelele barabarani usiku huketi wima kitandani sawasawa na mamake. Mama mwenyewe akiniona hulalamikia kichwa na mgongo. Amenunua dawa za maumivu kwa kemisti kwa miaka. Hajawahi kuniambia "nina kiwewe", na sitarajii aniambie hivyo.

Kwa ufupi, nilivyofundishwa na ninavyoona. Hatari ikikukabili, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala huamsha mwili wote: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tayari kukimbia au kupigana. Wakati huohuo ile sehemu inayopanga kumbukumbu kwa tarehe na mahali, hipokampasi, hulemewa. Tukio linahifadhiwa vipandevipande, harufu huku, sauti kule, bila alama ya kuonyesha kwamba limeisha. Ndiyo maana tairi likichomwa leo na watu wa gereji, mwili wa huyu mama unaamini ni Januari 2008. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu wa kiwewe (PTSD) kwenye orodha yao rasmi mwaka 1980, wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam wakiwa wamesukuma sana jambo hilo. Dalili ni tukio kujirudia kwenye ndoto au mchana kweupe, kukwepa kila kinacholikumbusha, mwili kukaa macho saa zote, na kujilaumu au kujiona huna maana. Zikipita mwezi na bado zinakuvuruga, hapo ni ugonjwa, na unatibika.

Lazima niseme na hili: watu wengi wanaopitia jambo la kutisha hupona bila daktari wakiwa na usalama, chakula na watu wa kukaa nao. Wanaokwama ni wachache wao. Kwa hiyo yule ambaye hajapona si mdhaifu wala hana upungufu wa imani. Mara nyingi ni kwamba zile tatu hakuzipata.

Daktari wa akili wa Marekani, Judith Herman, alipanga kupona kwa hatua tatu. Kwanza usalama. Pili kukumbuka na kuomboleza. Tatu kurudi kwa watu na kuanza maisha. Sasa jiulizeni Nakuru tulianzia wapi. Tulianzia ya tatu: shikaneni mikono, pigeni picha, rudini shambani. Usalama haukuwapo, na maombolezo hayakuruhusiwa kwa sababu eti yangeamsha chuki.

Naomba maoni yenu, hasa wa Kisumu na magharibi, kwa sababu huko najua mambo yalikwenda tofauti.

Mkulima_Molo

Dada Mhudumu, nakuheshimu lakini hapa tunapingana. Sisi Molo hatukuanza 2008. Tulichomewa 1992, tukakimbia tena baada ya uchaguzi wa 1997, kisha 2008. Ukikaa ungoje kila mtu asikilizwe mpaka aridhike, viazi utapanda lini? Mimi napakana na familia ambayo kijana wao alikuwa kwenye lile kundi. Tunasalimiana. Ng'ombe wao akiingia kwangu namrudisha. Hatujawahi kuongea kuhusu siku ile hata mara moja, na watoto wetu wanasoma darasa moja. Hiyo nayo si amani?

Mzee wangu yuko hai, amepita themanini. Tangu 1992 hajataja jina la kaka yake. Nikimlazimisha aongee leo kwa sababu daktari fulani amesema kuna hatua tatu, nitamuua. Wakati mwingine kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa.

NyarNyalenda

Nimesoma nikiwa Kisumu. Dada, hoja yako inanigusa lakini kwetu ina tatizo lingine. Wewe unazungumzia kumsamehe jirani. Sisi 2007 wengi wa waliokufa huku walikufa kwa risasi za polisi, na hilo limo kwenye ripoti ya Waki. Agosti 2017 mtoto wa miezi 6 alipigwa na polisi ndani ya nyumba yao hapa Nyalenda akafa. Nitamsamehe nani? Polisi hana jina, ana kofia na ngao.

Tena huku kidonda ni cha urithi. Oktoba 25, 1969, Mzee Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Tom Mboya, waziri wa kutoka kwetu, alikuwa ameuawa Julai, watu wana hasira. Mzee na Jaramogi Odinga, kiongozi wa upinzani, wakarushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye chama chake cha KPU kikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Basi ikawa hakuna wa kulia naye.

Nyanya yangu mpaka anafariki hakukubali kulazwa pale Russia, ndivyo tunavyoiita hospitali ile. Tulimwambia siku hizi ina jina la Jaramogi mwenyewe, ina madaktari wazuri. Alikuwa anasema nipelekeni kokote lakini si pale. Mimi nilizaliwa miaka mingi baada ya 1969, na bado kila nikipita lile lango nafikiria umati ule. Profesa Vamik Volkan, mtaalamu wa akili mzaliwa wa Kupro, ameandika sana kuhusu hili: kundi la watu lisipoomboleza hasara yake, linawakabidhi watoto kazi hiyo, na watoto wanaibeba kama sehemu ya kuwa wao ni nani. Hapo sasa mwanasiasa akitaka kura anagusa tu pale.

Kwa hiyo kwetu kaunsela peke yake hatoshi. Tunataka aliyefanya akiri. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti Mei 2013, na 1969 imo ndani. Machi 2015 Rais Uhuru aliomba radhi bungeni na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10. Nyumbani kwetu hatujaona chochote. Lakini Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilishindwa kuwalinda watu 4 waliofanyiwa ukatili wa kingono wakati wa ghasia zile, ikaagiza kila mmoja alipwe milioni 4. Nilisoma hukumu hiyo usiku nikalia. Fedha ni fedha, lakini mtu alikuwa ameketi mbele ya jaji, na jaji akaandika kwamba ndiyo, lilitokea.

Mhudumu_Kaptembwa

NyarNyalenda, asante. Umenipa nusu ambayo sikuwa nayo. Usalama wa hatua ya kwanza unakuwaje kama anayekutisha ndiye analipwa kukulinda? Hilo nitakaa nalo.

Ndugu wa Molo, sikukuambia umlazimishe mzee. Kuna kunyamaza kwa mtu aliyeamua mwenyewe, ambaye akitaka kusema mlango uko wazi. Na kuna kunyamazishwa. Mama wa mkoba hakuchagua. Alijaribu kusema kwenye baraza la 2008 akaambiwa aketi asilete siasa. Tangu siku hiyo amefunga. Wewe na jirani yako mnarudishiana ng'ombe, na hiyo ni amani, siibezi. Ninachouliza ni kama inaweza kuvuka uchaguzi mmoja mbaya.

Wa_Solai

Niongeze kidogo. Si vita tu. Mei 9, 2018 usiku bwawa la shamba kubwa huku kwetu lilibomoka na watu 48 wakafa. Wiki ya kwanza walikuja washauri wengi, kamera nyingi. Walituweka kwenye ukumbi wa shule, tukaambiwa kila mtu asimulie alivyoona mbele ya wenzake. Wengine walizimia. Baadaye washauri wakaondoka na sisi tukabaki na yale tuliyosikia kwa wengine juu ya yetu wenyewe. Mvua ikianza usiku, mpaka leo kuna watu hapa huamka na kupanda mlimani na watoto mgongoni. Aprili 2024 maji yalipowabeba watu wa Mai Mahiu, kijiji kizima hapa hakikulala.

Kaunsela_Milimani

Habari zenu. Hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo naomba nianze na alichosema ndugu wa Solai, maana ni jambo zito.

Kuwakusanya watu siku chache baada ya msiba na kuwataka wasimulie kila kitu katika kikao kimoja ilikuwa desturi ya miaka ya themanini na tisini. Utafiti ulipofanywa ukaonyesha haizuii kiwewe, na wengine huwaongezea. Shirika la Afya Duniani haliishauri. Vilevile halishauri dawa za usingizi za jamii ya dayazepamu kwa mtu mwenye mshtuko mpya, ingawa kemisti wengi wanazitoa kama peremende. Kinachotakiwa siku za kwanza ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: mlinde mtu, mpe maji na blanketi, muunganishe na watu wake, msikilize kama anataka kusema, usimchimbe. Pole sana, ndugu. Mlitendewa visivyo.

Baadaye, kwa wale waliokwama, kusimulia kunasaidia kweli, lakini ni kusimulia kwa utaratibu, na mtu mmoja anayemwamini, kwa vikao kadhaa, akijua anaweza kusimama wakati wowote. Kuna njia iliyojaribiwa na wakimbizi wa Sudan katika kambi ya Imvepi, Uganda: mtu anatandaza kamba sakafuni iwe maisha yake tangu kuzaliwa, anaweka ua mahali pa furaha na jiwe mahali pa maumivu, kisha mnaifuata taratibu. Mnapofika kwenye jiwe mnakaa hapo mpaka tukio lipate mwanzo, katikati na mwisho. Nimeona mwanamume mzima akishangaa kwamba kamba yake ilikuwa na maua mengi kuliko alivyodhani.

Dada Mhudumu, neno moja la tahadhari. Maumivu ya kichwa ya yule mama yapimwe kama maumivu ya kichwa. Kiwewe kipo, na presha nayo ipo.

Mwalimu_Kanduyi

Mimi ni mwalimu Bungoma na nataka niwape mfano wa jambo lililofaulu, kwa sababu uzi huu unaweza kumkatisha mtu tamaa.

Hapa Kanduyi kulifanywa utafiti, sambamba na Moshi kule Tanzania, kwa watoto wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na wakakwama kwenye majonzi na kiwewe. Programu ilikuja kujulikana kama Pamoja Tunaweza. Waliowahudumia hawakuwa na shahada za saikolojia. Walikuwa watu wa kawaida wa hapahapa, waliofunzwa na kusimamiwa kila wiki. Watoto walikutana kwa vikundi vikao 12, walezi wao wakiwa na kikundi chao siku hiyohiyo, na kila mtoto akapata muda wa peke yake wa kusimulia kifo cha mzazi wake, leo kidogo, kesho kidogo, mwishowe akamsomea mlezi. Matokeo yalichapishwa 2020: Bungoma, mjini na mashambani, watoto hao walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao hata mwaka mmoja baadaye. Siku hizi walimu nao wamefunzwa.

Mimi darasani nimewahi kuwa na mvulana aliyekuwa anachora jeneza pembeni mwa kila ukurasa wa daftari la hesabu. Walimu tulimchapa kwa kuharibu daftari, ilikuwa bado kawaida. Hakuacha. Shangazi yake alipoanza kukaa naye jioni kumwongelesha juu ya babake, alivyokuwa, alichopenda kula, alivyougua, michoro ikabadilika. Ikawa nyumba, kisha baiskeli ya babake.

Na tusisahau tuliyokuwa nayo. Kwetu Wabukusu mzee mwenye heshima akizikwa, anakuja msemaji wa kumuse. Watu wanakaa chini, hakuna kuzurura, naye anatembea katikati akisimulia ukoo ulikotoka, vifo vilivyopita, ugomvi uliowahi kuwagawanya, na kuwaonya walio hai. Msiba wa nyumba moja unakuwa wa watu wote, hadharani, na una siku yake. Jirani zetu Wajaluo wana tero buru, wanaume na ng'ombe wanakifukuza kifo mpaka nje. Sisemi zinatibu kila kitu. Kumuse si ya kila marehemu. Lakini yule aliyekufa kwenye vurugu hakupata hata matanga ya kawaida.

Jambo linaloniumiza zaidi ni Mlima Elgon. Machi 2008 jeshi liliingia kwenye Operesheni Okoa Maisha kupambana na wapiganaji wa SLDF, kundi lenye silaha la huko mlimani, ambao nao walikuwa wameua na kukata watu masikio. Wapo wanaume waliochukuliwa na kila upande na hawakurudi. Mke wa mtu huyo si mjane na si mke. Hana kaburi, hana cheti cha kifo, na bila cheti shamba haligusiki. Sheria inasema mtu asiposikika kwa miaka 7 anaweza kuchukuliwa amekufa, lakini nendeni mkamwambie mama aingie mahakamani kumtangaza mumewe marehemu huku moyo wake unangoja hatua mlangoni.

NyarNyalenda

Mwalimu, hapo kwa waliopotea umenigusa. Kwetu mwili usipopatikana, ziwani kwa mfano, wazee huzika tunda la yago mahali pa mtu. Kaburi linachimbwa, watu wanalia, jina linatajwa. Nilipokuwa mdogo niliona ni mambo ya kizamani. Januari 2022 habari za miili iliyopatikana Mto Yala zilipotoka, nikaona familia zikitoka mbali kuja kukagua makafani, ndipo nikaelewa yago ni ya nini.

Kaunsela_Milimani

Mwalimu amesema jambo kubwa: si lazima tungoje daktari wa akili. Hata Nairobi walijaribu njia ya Shirika la Afya Duniani ya vikao 5 kwa wanawake waliopitia ukatili, ikiendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii kama dada Mhudumu, na matokeo ya 2017 yalionyesha wanawake wale walipata nafuu. Wanafundishwa kupumua taratibu, kupanga tatizo moja linaloweza kutatuliwa, kurudia shughuli walizoacha, na kutafuta watu wa kuwashika mkono. Wahudumu tunao kila kata. Hawajafunzwa hilo, na hilo linaweza kubadilika kwenye bajeti ya kaunti.

Kitu kingine. Tangu Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Mwenye mawazo hayo na aje hospitali bila kuogopa polisi. Usiku ukikuzidia, 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure. Ukatili wa kijinsia ni 1195, na mtoto ni 116.

Mkulima_Molo

Nimerudi nikasoma yote tena. Sijabadili mawazo kuhusu jirani yangu. Lakini hilo la mwili kukaa macho limenifanya nifikirie. Mzee hulala kwenye kiti. Nimezoea kusema ni uzee. Mama aliniambia alianza kulala kitini mwaka ule wa 1992. Kaunsela, mtu wa umri huo unaanzia wapi bila kumchokoza?

Kaunsela_Milimani

Ndugu, usianzie 1992, na usitaje kaka yake. Anzia usingizi. Mwambie, "Baba, naona hupumzishi mgongo," umwache aseme atakalo. Akisema analinda boma, usimbishie kwamba hakuna hatari. Muulize nini kingemfanya aone boma liko salama: komeo, taa ya nje, wewe kulala chumba cha karibu? Kifanye hicho kwanza. Akifika mahali anataja jina mwenyewe, acha unachofanya ukae. Usimpe ushauri, usimwambie ameshasamehe. Muulize tu marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Asipotaja milele, bado utakuwa umemfanyia jambo kubwa. Na mpeleke kliniki apimwe, maana wazee hulala kitini pia kwa sababu ya moyo au kifua.

Mkulima_Molo

Komeo naweza. Lile la zamani limeoza tangu mvua za Aprili. Ana dawa za presha anazimeza asubuhi, aendelee nazo?

Mhudumu_Kaptembwa

Aendelee nazo, ndugu, asiruke hata siku moja. Ukimpeleka kliniki beba kopo lenyewe la dawa, usitegemee jina utakalokumbuka, na uwaambie kuhusu kulala kitini kabla hawajampima. Kisha turudie hapa utuambie wamesemaje.